Fundi wa Juu na Fundi wa Chini

Watu wengi wakinipigia simu kuhusu mashine ya kuosha vyombo, huwa wameshaipima wenyewe na ugonjwa wameshaupa jina. Fundi, pampu imekufa. Fundi, kuna waya umeungua. Sasa kama umeshajua pampu imekufa, mimi wa nini? Siku hizi nawajibu hivyo moyoni tu, kwa sababu mdomo wangu umeshaniponza vya kutosha, na hayo ndiyo nitakayoyaeleza.

Yule daktari wa meno alikuwa tofauti. Alinipigia asubuhi, bado napiga mswaki, akasema mashine yake inaosha vizuri lakini kila akifungua mlango anakuta bwawa chini, na yeye ana kliniki ya kuendesha, hafugi samaki. Akanipa anwani, akasema saa tatu, akakata. Nikajisemea huyu tutaelewana.

Kabla sijaingia jikoni kwake, nikwambie kwanza nilichokuwa nakitafuta, maana ukikikosa hicho utadhani hii ni habari ya mashine. Nilikuwa namtafuta kaka yangu. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia. La kwanza ni samahani. La pili ni kwamba Mama alifariki mwaka jana, na yeye hajui.

Kaka yangu ni mrefu. Mlango wa karakana yetu aliuingia kwa kuinama, na ndani pia alikuwa akiinamia taa, kwa hiyo wateja wakambatiza Mnara. Mimi niliyezaliwa miaka sita baadaye nilipewa kilichobaki, wakaniita Kichuguu. Mnara na Kichuguu. Hata waliomhitaji mmoja wetu walituita wote wawili, na tulienda wote wawili, kwa sababu kazi yetu ilikuwa haigawanyiki. Au niseme ilikuwa imegawanyika sana. Mnara alikuwa fundi wa juu, na kazi yote aliifanya kwa mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyesawazisha mashine isiyumbe, akaunga umeme, akaunga bomba la maji safi, akazungumza na mwenye nyumba, ingawa kuzungumza kwake ni maneno manne kwa siku na mawili kati ya hayo ni ndiyo. Mimi nilikuwa fundi wa chini. Kabati la chini ya sinki mimi naingia mpaka mabega, nageuka humo, nalala humo kama nimelipia pango. Yeye akijaribu anakwama kifuani. Kwa hiyo mpira wa kutolea maji machafu ulikuwa wangu tangu siku ya kwanza. Miaka kumi na mitatu tulifanya hivyo, yeye hajawahi kuugusa mpira ule na mimi sijawahi kuunga waya.

Karakana aliiacha baba yangu. Nasema baba yangu, na hapo ndipo penye mwiba. Mama alimzaa Mnara kabla hajaolewa. Baba akamchukua mama na mtoto kwa pamoja, akamlea, akamfundisha kushika spana nikiwa mimi bado natambaa, na nyumbani kwetu jambo hilo halikutajwa. Nililijua nikiwa na miaka kumi na minne, kwa shangazi mmoja ambaye nadhani mdomo huu nimeurithi kwake. Nikalinyamazia. Mtu unaweza kukaa na neno miaka mingi ukadhani umelisahau, kumbe umeliweka akiba.

Siku lilipotoka, kosa lilikuwa langu. Nilisahau kukaza klipu moja ya chuma kwenye nyumba ya mtu, maji yakavuja mchana kutwa, zulia lote likaloa mpaka chumbani. Mwenye nyumba akaja karakana anafoka. Mnara akamwomba radhi kana kwamba klipu aliisahau yeye. Halafu akanigeukia, mbele ya mteja yule na wengine wawili, akasema mdogo wangu, uwe makini. Basi. Hakunitukana, hakupaza sauti. Lakini mimi aibu ilikuwa imeshanijaa, na mtu mwenye aibu ni hatari kuliko mwenye hasira.

Nikamwambia, "Usinipangie hapa. Hii karakana ni ya baba yangu, si ya baba yako."

Akachukua kitambaa, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Akarudisha spana mahali pake. Akainama mlangoni, akatoka. Wale wateja hawakunitazama. Methali inasema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi siku zote huwa nabisha, kwa sababu maji yaliyomwagika nimeyazoa maisha yangu yote, kwa tambara, kwa sponji, kwa kikombe. Yanazoleka. Maneno ndiyo hayazoleki.

Akahamia mji mwingine. Alikuwa anampigia Mama simu kila Jumapili, na Mama alikuwa anatoka nayo uani ili mimi nisisikie, nami najifanya nina kazi ya maana sana karibu na dirisha la uani. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya Mama tu. Mama alitaka nami niiweke kwangu, nikakataa. Kiburi kilinijaa mpaka masikioni, na kiburi cha aliyekosa ndicho kibaya kuliko vyote.

Kisha simu ya Mama ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Akasema ipelekwe kwa fundi wa simu. Mimi nipeleke kifaa kwa fundi mwingine, mtaani wanione? Nikaifungua mwenyewe, nikaiweka juu ya jiko la umeme, moto mdogo, ikauke. Mteja akanipigia. Nikazungumza naye nje, nikasahau. Niliporudi simu ilikuwa imekunjamana na laini imeyeyukia ndani yake, na laini yenyewe ilikuwa imesajiliwa kwa jina la jirani aliyehama zamani, hivyo kampuni ya simu haikukubali kuirudisha. Mama alikuwa ameniambia mara tatu nisiiguse. Sikio la kufa halisikii dawa.

Mwaka uliofuata akaanza kuumwa. Kila nilipoingia chumbani kwake aliniuliza neno moja, "Umempata?" Nilifunga safari mpaka mji ule, nikazunguka siku mbili kwenye maduka ya mashine, wakaniambia yule mrefu ameshaondoka, hawajui alikoelekea. Nikarudi kumwambia bado. Alikufa mwezi wa nne, na swali lake la mwisho kwangu lilikuwa hilohilo. Tangu hapo nikiona mtu mrefu barabarani, namfuata. Nimeshawakimbilia warefu watano. Mmoja alidhani namkaba.

Basi. Saa tatu kamili nikawa jikoni kwa daktari wa meno. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, kliniki iko chini yake, na ukimya wa jikoni ulikatizwa mara kwa mara na mlio wa ile mashine yao ya kutoboa meno ambayo hata ukiwa mzima unafumba mdomo. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe, miwani kichwani. Nilipomsalimia hakunitazama machoni, alinitazama meno. Akaniuliza nina muda gani sijamwona daktari. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mashine. Akasema hata mashine imemwona fundi ikiwa imechelewa.

Mashine isiyotoa maji ina njia yake ya kuulizwa, huiulizi ovyo. Nilianza na maji yenyewe. Yalikuwa ya kijivu, yana mafuta juu, na yananuka. Nikayaweka akilini hayo. Nikayachota kwa kikombe, mengine nikayanyonya kwa sponji, nikatoa trei ya chini, nikang'oa chujio. Chujio la mtu linakwambia maisha yake. La daktari lilikuwa safi, nikakuta mbegu moja ya limau na kijiti cha meno, nikamwonyesha kile kijiti, akasema ni cha mgeni. Nikazima umeme ukutani, nikafungua kifuniko cha pampu, nikaingiza kidole. Kwenye pampu kuna feni ndogo. Kipande cha glasi au mfupa kikiingia pale inakwama. Haikukwama. Ilizunguka vizuri kabisa.

Nikauliza sabuni. Kuna watu wanaweka sabuni ya maji, ile ya kuoshea kwa mkono, povu linajaa mpaka pampu inavuta hewa badala ya maji. Daktari akanionyesha sabuni yake, ilikuwa ndiyo yenyewe, ya mashine, akanionyesha na risiti, maana ni mtu wa ushahidi.

Nikawasha umeme, nikamwaga majagi mawili ya maji ndani, nikaiamuru itoe. Ikatoa. Ikavuta kwa nguvu mpaka chini pakakauka, nikapapasa kwa kiganja. Daktari akasema kumbe ni nzima. Nikamwomba tusubiri dakika kumi, na wakati tunasubiri aoshe kikombe pale kwenye sinki kama anavyofanya siku zote. Akaosha. Baada ya dakika kumi nikafungua mlango, na bwawa lilikuwa limerudi, la kijivu, lina mafuta juu.

Hapo nikajua. Mashine ilikuwa inatoa maji yake vizuri. Yale hayakuwa maji yake, yalikuwa maji ya sinki yanayoingia kwake kwa mlango wa nyuma. Mpira wa kutolea maji ukitoka kwenye mashine lazima upandishwe juu kabisa, mpaka chini ya meza ya jiko, ufungwe hapo, ndipo ushuke kwenye bomba la sinki. Usipopandishwa, sinki likijaa maji yanateremka yanarudi kwa jirani. Ni kosa la mtu asiyejua kazi, na nilikuwa na maneno yangu tayari kuhusu mafundi wa siku hizi, nikafungua kabati, nikaingia.

Mpira ulikuwa umelala chini. Nilikuwa nimekisia sawa. Lakini mpira wenyewe ulikuwa umekatwa mahali pazuri, kwa pembe, usinywe hewa. Pale ulipoungwa na bomba la sinki palikuwa pamezungushwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mizunguko minne, ncha imepenyezwa chini ya mzunguko wa pili kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu wa mkono wa kulia hawezi kuufunga ukanda namna ile hata umpige. Bomba la maji safi lilikuwa limenyooka. Waya za umeme zilikuwa zimebanwa kila baada ya shibiri moja. Na mguu wa nyuma wa mashine, ambao hakuna mteja atakayewahi kuuona, ulikuwa umewekewa kipande cha ndala kilichokatwa mviringo.

Kila alichokijua Mnara kilikuwa kimefanywa kwa namna ya Mnara. Kilichokosekana ni changu.

Nilibaki mle ndani ya kabati muda mrefu. Niliushika ule mpira uliolala, nikautazama, na nikaona namna alivyopiga magoti pale, kifua kimekwama mlangoni, mkono mmoja ndani, anapapasa mahali ambapo miaka kumi na mitatu alikuwa anasikia tu sauti yangu. Akaona maji yametoka, akadhani imekwisha. Nililia. Sioni haya kusema. Daktari akauliza kama nimejikata.

Upande wa ndani wa mlango wa kabati palikuwa na namba ya simu kwa penseli, tarakimu zimeinama kuelekea kushoto. Nikampigia mara ngapi, utauliza. Hata mara moja. Nilitoa simu nikairudisha mfukoni. Niliogopa atasikia sauti yangu na kukata, abadilishe namba, na mimi nianze tena kukimbilia warefu. Nikamwomba daktari apige yeye.

Akashangaa, na alikuwa na haki. Nimekuja kutengeneza, sasa namtaka aliyeharibu? Ikabidi nimweleze. Nilimweleza yote, na neno nililosema karakana, na simu ya jikoni, na Mama. Alinisikiliza amesimama, mikono mfukoni. Mwishowe akasema yeye kazi yake ni kung'oa, kuunga hakusomea. Kisha akateremsha miwani, akasoma namba, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Naam," ikasema simu.

Miaka sita na miezi. Nilishika ukingo wa sinki.

Daktari akasema mashine haitoi maji. Mnara akauliza kama yanabaki baada ya kuosha, au yanatoka halafu yanarudi. Daktari akanitazama. Nikamwonyesha kwa kidole: yanarudi. Akasema yanarudi.

"Samahani, Daktari," akasema. "Hapo chini ya sinki sipo vizuri. Sikuwa nafanya mimi."

"Alikuwa anafanya nani?"

"Mtu mwingine."

Akasema atafika saa saba. Daktari akaweka simu mezani, akasema ana wagonjwa wawili wanamsubiri, na kwamba chai iko kwenye chupa. Akashuka. Sikunywa chai. Nilipangusa trei ya chini, kisha ya juu, kisha vijiko vyote vya daktari, ambavyo vilikuwa safi. Nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema. La samahani nililipanga vizuri. La Mama kila nikilianza lilikatika katikati.

Saa saba na dakika chache mlango ukagongwa. Akainama, akaingia. Nywele za pembeni zilikuwa zimekuwa nyeupe, na begi la vifaa lilikuwa jipya, lakini mengine yote yalikuwa yeye. Akaniona. Akalitazama sanduku langu la vifaa, akautazama mpira niliouvuta nje ya kabati, akanitazama tena.

"Shikamoo, Kaka," nikasema.

Marahaba ilikawia. Ningekuwa mimi nisingeitikia. Alishusha begi, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mfukoni, kama anavyofanya kabla ya kazi.

"Marahaba," akasema. "Ingia."

Maana yake niingie chini ya sinki. Nikaingia. Tulifanya kazi bila kusemezana, na nisikudanganye, zile dakika ishirini ndizo nilizokuwa nimezikosa kuliko kitu chochote. Alivuta mashine mbele kidogo, akanipitishia mpira kwa nyuma, vidole vyetu vikakutana kwenye lile tundu la ubao. Nikaupandisha mpaka juu, chini ya meza, nikaushikilia. Yeye akatoboa, akaweka ndoano, nikaufunga. Akarudisha mashine, akaisawazisha kwa kiganja, hana haja ya kipimo. Nikatoka na vumbi kichwani. Akajaza sinki, akawasha, ikatoa maji, akazibua sinki. Ikabaki kusubiri dakika kumi tuone kama yatarudi.

Yeye aliegemea meza, mimi niliegemea friji. Nikasema lile nililolipanga, na halikutoka nililolipanga.

"Kaka, siku ile nilisema neno."

"Nililisikia."

"Nisamehe."

Chini kwa daktari kile kitoboa meno kilianza, kikanyamaza. "Baba yako ndiye aliyenishika mkono nikajifunza spana," akasema. "Sikuwa na baba mwingine wa kwenda kwake. Uliponiambia vile, nilitoka pale nikasimama barabarani, sijui nigeukie wapi." Akapangusa uso kwa kiganja. "Lakini kukusamehe nilikusamehe zamani. Wewe ni mdomo tu, Kichuguu. Kilichonikata ni Mama. Kunizibia Mama."

Nikamuuliza kumzibia vipi. Akasema alipiga miezi mitatu mfululizo, simu haipatikani, akaamini nimembadilishia Mama namba ili asimpate. Amerudi mji huu miezi minne sasa. Mara mbili amepita mwanzo wa mtaa wetu, akaona kibao cha karakana kwa mbali, akageuza, kwa sababu hakutaka kufukuzwa mlangoni Mama akiwa anatazama.

Nikamweleza habari ya beseni na jiko la umeme. Alinitazama.

"Uliikausha simu jikoni?"

"Moto mdogo."

Akaanza kucheka. Mnara huwa hachezi na kicheko, kikimshika kinamkunja kabisa, akashika meza, machozi yakamtoka, akawa anarudia moto mdogo, moto mdogo, na mimi nikacheka naye. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa najua ninachokijua, na nilicheka. Nilijiambia mwache acheke. Nusu dakika tu. Ulikuwa muda mrefu sana sijamsikia.

Alipopata pumzi alikuwa mtu mwingine, amefunguka, anaongea maneno ya mwezi mzima kwa mara moja. Magoti ya Mama bado yanamsumbua? Bado anaficha sukari ili nisiimalize? Akasema Jumamosi ana mashine ya kufunga, lakini Jumapili anakuja. "Usimwambie. Nataka anione tu mlangoni." Akavuta begi lake, akaanza kufungua zipu ya pembeni, akasema kuna viatu alimnunulia, laini, vya mtu mwenye miguu inayovimba, anatembea navyo kwenye begi tangu arudi, nitazame kama namba ni yenyewe.

"Kaka," nikasema, "kaa kwanza."

Hakuna mtu anayeambiwa akae kwanza ili apewe habari njema. Mkono wake ulibaki kwenye zipu. Hakuuliza kwa nini. Aliteremka taratibu akiegemea mashine mpaka akakaa sakafuni, miguu yake mirefu ikafika upande wa pili wa jiko. Nami nikakaa, pembeni yake, bega kwa bega.

"Lini?" akauliza.

"Mwezi wa nne. Mwaka jana."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayeelekezwa njia. Nikamwambia alivyoumwa, na kwamba hakuteseka sana mwishoni, ambayo ni kweli, na kwamba alikuwa anamuulizia, ambayo nilitaka kuificha nikashindwa. Alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili. Mlango ukafunguka, daktari akaingia na koti lake jeupe, akatukuta watu wazima wawili sakafuni. Alirudi nyuma, akaufunga mlango polepole kutoka nje.

"Siku ya kumbeba," Mnara akasema. "Upande wangu alishika nani?"

Mtoto mkubwa hushika jeneza mbele, kulia. Nilikuwa nimeshaliogopa swali hili mwaka mzima, nikiwa naoga, nikiwa natembea.

"Mjomba. Lakini mwishoni. Watu walitaka tutoke saa sita, nikawaambia bado, uko njiani unakuja."

"Uliwaambia hivyo?"

"Niliwaambia umeshapanda gari."

"Wakasubiri?"

"Mpaka saa kumi."

Akafunika uso. Nilidhani atanitukana, na ningemshukuru. Aliniuliza tu, kutoka nyuma ya viganja, kama watu walichoka, kama walinung'unika juani. Nikamwambia hapana, hakuna aliyenung'unika. Nikamwambia kila gari lililoingia mtaani walikuwa wanageuka wote kutazama kama ni wewe. Na mimi, Kaka, niliyekuwa najua kwamba huji, niligeuka kila mara.